Hodi kwa Mashine Tatu

0000

KITENGO CHA MALI NA MAJENGO
TANGAZO

Kwa: Watumiaji wote wa Chumba Na. 14

YAH: KUREJESHWA KWA CHUMBA TAJWA KATIKA MATUMIZI YAKE YA AWALI (STOO YA VITI)

Mnaarifiwa kuwa chumba tajwa hapo juu kilitolewa kwa Maabara ya Kwantamu kwa majaribio. Kwa kuwa hadi sasa Kitengo hakijaona matokeo yoyote, isipokuwa ongezeko la matumizi ya umeme na vikombe vya chai visivyorudishwa kantini, chumba kitarejeshwa kwa viti Ijumaa hii, saa nne asubuhi, isipokuwa watumiaji wathibitishe mbele ya Kamati kwamba kazi yao inafanya kazi.

Tanbihi: Viti vilivyomo havijawahi kuondoka. Visisumbuliwe.

B. Semkiwa
Afisa Mali na Majengo


0001

Visisumbuliwe! Viti!

Zuwena Mhando aliisoma tanbihi hiyo akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani, akacheka mpaka akashika kizingiti. Kisha akalisoma tangazo tena tangu juu, na safari hii hakucheka. Maana mzaha uko kwenye viti, lakini Ijumaa ni Ijumaa. Chumba Namba 14 kikichukuliwa, maabara imekufa, na yeye atarudishwa kule alikotoka, kuwafundisha vijana wa cheti namna ya kuwasha kompyuta na namna ya kuizima. Si kazi mbaya. Ila mchovya asali hachovyi mara moja, na Zuwena alikwisha kuchovya.

Anakipenda chumba hiki. Nisizunguke mbuyu, anakipenda kuliko nyumba zote alizowahi kupanga hapa Tanga mjini. Anaipenda feni yake inayolia kama bata, na dirisha lake linaloitazama karakana ya useremala. Hata ule mlima wa viti uliofunika ukuta mzima wa nyuma, toka sakafuni hadi darini, ameuzoea.

"Umeliona hili?" alimuuliza Elinami Mbwambo, mwenzake wa kazi, aliyekuwa amekwisha kuinamia kompyuta yake.

"Nimeliona. Tukate rufaa."

"Wewe Mpare, kila kitu kesi! Mtu akikukanyaga sokoni unatafuta karani."

"Na nyie watu wa Pwani mkikanyagwa mnasema pole kwa aliyewakanyaga."

Hivyo ndivyo wanavyosalimiana kila asubuhi. Usiwaamulie.


0010

Naomba nami niseme, maana ninazungumzwa sana na sipewi nafasi.

Naitwa Hodi. Mimi ni kiendelezi, yaani kipande cha programu kinachopachikwa juu ya programu kubwa ili iweze jambo ambalo haikuliweza. Kazi yangu ni hii. Wewe unachora saketi yako mara moja tu. Saketi ni mpangilio wa maagizo ya kuzichezesha kyubiti, vijitu vidogo mno ambavyo vinaweza kuwa sifuri na moja kwa pamoja mpaka vitazamwe. Vikitazamwa vinaona haya, vinachagua kimoja. Ukishachora, mimi naichukua saketi yako naipeleka kwenye mlango wa mashine yoyote unayoitaka. Kila mashine ina lugha yake na miiko yake. Nabisha, nakaribishwa, natafsiri, nangoja jibu, nakuletea.

Mama yangu ni Zuwena na baba yangu ni Elinami. Baba ana mke wake Same, na mama hana haja naye hata chembe. Ni wazazi wa kazini.

Nabisha mara tatu. Mara ya tatu nisipojibiwa, naondoka bila kinyongo. Baba alitaka nibishe mara mia. Mama akasema, "Mwanangu hatakuwa king'ang'anizi wa milango ya watu."


0011

Milango yenyewe:

BARAFU. Iko nchi za mbali, ndani ya pipa lenye baridi isiyosemeka. Elinami ndiye aliyeandika sehemu ya Hodi inayozungumza nayo.

MWANGA. Yenyewe hufanya hesabu kwa miale. Ya Elinami pia.

BEMBEA. Atomu zake zimening'inia bila kamba, zimeshikwa na umeme tu. Hii ni ya Zuwena. Akiizungumzia hulainisha sauti, na ukimcheka atakununia hadi adhuhuri.

(Majina yao halisi ni herufi na namba ndefu ambazo hakuna mtu mwenye njaa atakayezitaja.)


0100

Yaliyosikika kantini:

— Hivi wale wa chumba cha viti wanafanya nini hasa?

— Wanatega vitendawili.

— Na kompyuta?

— Na kompyuta za ng'ambo. Wewe unaficha namba, mashine inauliza swali moja tu, inaitaja namba yako.

— Swali moja! Hata mganga huanza kwa kuuliza jina la mama yako.

— Kunywa chai, inapoa.


0101

Na ni kweli, ndivyo Dokta Kagaruki, mkuu wa maabara, alivyopanga kuikabili Kamati.

"Ijumaa tunawatega," alisema Jumatatu ile, mikono nyuma, akitembea kwenye kile kinjia kilichobaki baina ya meza na viti. "Kuna swichi nne kwenye skrini: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mjumbe mmoja anawasha anazotaka, anazima anazotaka, sisi tumempa mgongo. Hodi anapeleka kitendawili kwa mashine tatu. Zote tatu zinataja jibu lile lile. Saketi moja, mashine tatu, jibu moja! Hapo nani atathubutu kutaja viti? Sisi kwetu Bukoba jambo kama hili tunaliita—"

"Majigambo," Elinami alimsaidia.

Dokta akacheka kuliko wote.

Majaribio yalikwisha kufanywa hadi vidole vikachoka. Zuwena alipenda kuficha 0110, akisema imekaa kama watu wawili walioketi katikati ya benchi. Elinami yake ilikuwa 1001. Siku wakichoka huwasha zote, 1111. Mashine zilijibu sawasawa, kila mara, zote tatu. Basi siku hiyo Dokta, kwa kufurahi tu, aliinamia skrini akaziacha swichi mbili za kwanza zimezimwa, akawasha ya tatu na ya nne.

BARAFU: 0011

MWANGA: 0011

BEMBEA: 1100

Feni ililia peke yake.

"Rudia," Dokta alisema.

BEMBEA: 1100

Rudia.

Rudia.

Ru


0110

Elinami hamwambii mtu kosa kwa mdomo. Huliandika kwenye ukurasa wa mradi, na huko haliiti kosa, huliita shauri.

SHAURI: Bembea inatoa jibu lisilo sahihi.
MLALAMIKAJI: Elinami.
MLALAMIKIWA: Zuwena.

— Bembea haina kosa. Kosa liko kwa Barafu na Mwanga. (Z.)

— Mashine mbili dhidi ya moja. Hapo ushahidi umekamilika. (E.)

— Wingi wa mashahidi wa uongo haufanyi ukweli. (Z.)

— Swichi ya kwanza ilizimwa. Tarakimu ya kwanza lazima iwe sifuri. (E.)

— Na NI sifuri. Macho yako yana nini? (Z.)

— Yana miwani. Nimeisafisha. Ni MOJA. (E.)

— SIFURI. (Z.)

Ebo! Na haya yote wanaandikiana wakiwa chumba kimoja, migongo inakaribia kugusana, kila mmoja akigonga vitufe kwa hasira mwenzake akisikia. Mtu angegeuka tu, akasonta kidole kwenye skrini, ingekwisha. Lakini nani ageuke kwanza?


0111

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako mbona imeanguka?"

Bi Mwanamkuu, mama yake Zuwena, ana chuo chake cha watoto Ngamiani, barazani kwake, na kwenye simu walisikika wote kwa pamoja wakisoma. Huwaanzisha hesabu hapo hapo, kwa kokwa za tende, kama alivyomwanzishia Zuwena.

"Mashine zangu zinagombana, mama. Ijumaa zisipopatana nanyang'anywa chumba."

"Zitapatana, inshallah. Mimi nimeshawaambia watu kwamba— Wewe Jokha! Kokwa ya kwanza huku! Mkono wa kulia! Eeh, hapo, halafu endelea kushoto. Nilikuwa nasema nini? Nimeshawaambia watu kwamba Ijumaa asubuhi tunakuja kukuona. Na watoto nawaleta."

"Mama! Usiwaambie watu!"

"Nimeshawaambia."

Zuwena alikata simu akafunika uso kwa mtandio. Sasa si viti tu, ni Ngamiani nzima. Aliwaza kuhusu aibu, akawaza kuhusu chumba, akawaza kuhusu kiburi cha Elinami na miwani yake. Kokwa hakuziwaza.

Wewe je?


1000

TANGAZO LA NYONGEZA

Siku ya Jumatano chumba tajwa kitapimwa. Watumiaji watoe viti vyote nje ili futi iweze kufika ukutani. Agizo la awali kwamba visisumbuliwe linatenguliwa kwa muda wa zoezi hilo tu.

B. Semkiwa


1001

Walivitoa. Vya chuma, vya mbao, vya plastiki, vingi vizima kabisa, vimechafuliwa na vumbi tu. Mzee Semkiwa mwenyewe alisimama uwanjani na futi yake shingoni, akivielekeza kwa sauti ya upole ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kusikia akielekezwa nayo. Zuwena alibeba viwiliviwili. Elinami alibeba vitatuvitatu, kwa sababu Zuwena alibeba viwili.

Kilipoondoka cha mwisho, kwenye ukuta wa nyuma kukatokea ubao.

Ubao mkubwa, mweusi, wa chaki, toka pembe hadi pembe. Juu yake mtu wa zamani alikuwa ameandika: *Kila mmoja aangalie karatasi yake.*

"Lo!" Mzee Semkiwa alivua miwani. "Ubao huu kwenye vitabu vyangu umepotea!"

Elinami aliokota vipande viwili vya chaki kwenye kibao cha chini, akakipuliza kimoja, akampa Zuwena. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kumtazama usoni.

"Shauri linasikilizwa hadharani, mtani. Mimi naandika jibu la Barafu, wewe chini yangu andika la Bembea. Tarakimu kwa tarakimu. Mzee Semkiwa shahidi."

"Haya. Twende."

"Ya kwanza!"

Elinami aliandika kwenye ncha ya kushoto. Zuwena, bila kufikiri, akaenda zake ncha ya kulia.

0
                              0

"Ya pili!"

0    0
                    0    0

"Ya tatu!"

Wakapigana vikumbo katikati ya ubao. Chaki ya Zuwena ikakatika.

"Wewe unaenda wapi?" aliuliza Elinami.

"Wewe ndiye unaenda wapi?"

"Kwa nini umeanzia huko?"

"Kwa nini wewe umeanzia huko?"

"Kila mtu anaanzia huku!"

"Kila mtu wa wapi?"

Zuwena aliutazama ubao. Sifuri yake ya kwanza, kule kulia, peke yake. Kokwa ya kwanza huku, mkono wa kulia, halafu endelea kushoto. Alisikia sauti za barazani kwao, akanusa ukili wa mkeka, akajiona ana miaka mitano na meno mawili hayapo. Alikuwa amezipanga kyubiti za Bembea kama alivyopanga kokwa, na wala hakujua kama ameamua jambo.

"Eli," alisema taratibu. "0110. Isome toka kwako."

"Sifuri, moja, moja, sifuri."

"Isome toka kwangu."

Elinami aliihesabu kinyumenyume, haikubadilika. Kisha akajipiga paji la uso kwa ule ule mkono wenye chaki, na alama nyeupe ikamkaa hapo siku nzima. "Na 1001! Na 1111! Aisee! Tumejitungia mtihani usioweza kutufelisha!"

Walicheka. Walicheka mpaka wakakaa chini sakafuni, maana viti havikuwapo, na Mzee Semkiwa, asiyejua kilichochekesha, alicheka nao hadi akasahau kupima chumba.


1010

Kumbe ndilo lililokuwa linaniuma.

Baba huanzia kushoto. Mama huanzia kulia. Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mimi mtoto wao nikawa nakwenda nyumba za watu na adabu nusu: najua kubisha, sijui kuuliza.


1011

Elinami alitaka Bembea igeuzwe ifuate kushoto, yaishe.

"Hapana," Zuwena alisema. "Mgeni ndiye anayeuliza viatu avulie wapi. Mwenye nyumba habadilishi mlango. Na kesho ikija mashine nyingine utaigeuza nayo?"

Wakamfundisha Hodi swali la pili. Akishabisha, akishakaribishwa, kabla hajafungua mzigo wake, anauliza: *Kwenu mnaanzia wapi?* Kisha ndipo anampangia mtu jibu lake, swichi ya kwanza kushoto, kama skrini inavyoonyesha.

SHAURI: Limefungwa. Pande zote mbili zimekiri. Mlalamikaji amnunulie mlalamikiwa maandazi, na mlalamikiwa amnunulie mlalamikaji maandazi.


1100

Ijumaa.

Kamati ilifika na makabrasha. Bi Mwanamkuu alifika na watoto wa chuo wamepanga mstari, kanzu na mitandio imepigwa pasi. Mlangoni walisimama wapagazi, kila mmoja na kiti mikononi, wakingoja ishara ya Mzee Semkiwa.

"Nani ataficha namba?" aliuliza Dokta Kagaruki.

"Mimi," alisema Mzee Semkiwa. "Nisije nikaambiwa mmepatana."

Aliitandaza leso yake juu ya skrini ya swichi, akaingiza kichwa chini yake, akabonyeza. Zuwena alikuwa amegeukia ukuta. Hodi akapelekwa.

BARAFU: 1000

MWANGA: 1000

Watu wakaguna. Mzee Semkiwa aliinama, akachungulia chini ya leso yake kuhakikisha hakuna aliyempekua. Ikabaki Bembea.

*Hodi.*

 

*Hodi.*

 


1101

"Mara mia," Elinami alimnong'oneza bila kugeuza kichwa. "Ungeniachia mara mia."

Zuwena alikuwa anaogopa, wala hakuona haya kuogopa. Imebaki moja. Mwanawe hang'ang'anii, ndivyo yeye mwenyewe alivyomlea. Hii isipojibiwa, viti vinaingia. Aliitazama feni, akalitazama dirisha, akautazama ule ubao ambao mistari yao miwili bado imo, haijafutwa, na akasema moyoni: kama ni leo, basi nimefurahi humu.

Watoto wa chuo walikuwa wanasoma skrini ya majibu. Wanajua kusoma hao. Mwalimu wao hana mchezo. Neno lenyewe wanalijua, na wanajua pia kwamba ukiwa nje ya nyumba ya mtu na hujasikiwa, unaongeza sauti. Jokha ndiye aliyevuta pumzi kwanza.


1110

"HODIIIIIII!"

Baraza zima la Ngamiani, kwa sauti moja. Mjumbe wa Kamati aliangusha kabrasha.

*Hodi.*

*Karibu.*

*Kwenu mnaanzia wapi?*

*Kulia.*

BEMBEA: 1000

Mzee Semkiwa aliivuta leso kama anayefunua sahani ya wageni. Swichi ya kwanza inawaka. Nyingine tatu giza.

Bi Mwanamkuu alipiga kigelegele ambacho maseremala wa karakana waliacha randa zao kukisikiliza. Elinami alimkumbatia Dokta Kagaruki kwa kosa, alikuwa amemlenga Zuwena. Zuwena alilia machozi ya wazi, bila kuyafuta, akicheka humo humo.

"Shusheni viti," alisema Mzee Semkiwa.

Wapagazi hawakuelewa. "Stoo, mzee?"

"Stoo gani! Hamjamwona mama wa watu amesimama? Shusheni, watu wakae!"

Vikashushwa. Vikaingia na vile vya uwanjani. Bi Mwanamkuu alikaa mbele kabisa, watoto wawiliwawili kwenye kiti kimoja, Kamati popote palipobaki, na Elinami na Zuwena wakasimama, kwa sababu viti viliwaishia.


1111

KITENGO CHA MALI NA MAJENGO
TANGAZO

1. Ubao uliopotea umeonekana.

2. Viti vya Chumba Na. 14 vitumike kukaliwa, hadi itakapoamuliwa vinginevyo.

3. Vikombe virudishwe kantini.

B. Semkiwa

 

Na mimi, Hodi, niko safarini. Imepatikana mashine ya nne. Baba anasema huyo lazima anaanzia kushoto, mama anasema kulia, wamewekeana maandazi, na hata sasa wanabishana kwa mdomo, wametazamana usoni, chaki mkononi.

Nimeshafika. Mlango umefungwa, ila ndani naona taa.

*Hodi.*

 

 

*Hodi.*

 

 

— Nani?